Kuboresha au Kuhamishwa?

Maneno, kama watu, huweza kuajiriwa katika kazi isiyo ya heshima. Neno lililozaliwa kwa nia njema huchukuliwa na mwenye haja yake, likavishwa nguo mpya, likapelekwa sokoni kusema yasiyokuwamo katika maana yake. Moja la maneno yaliyopatwa na msiba huo siku hizi ni neno kuboresha. Asili yake ni bora, na kila ajuaye mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili anajua kwamba kitenzi cha kusababisha hudai mambo matatu: mtendaji, kitu kinachotendwa, na hali mpya ya kitu hicho. Aboreshaye shamba huacha shamba lile lile likiwa na rutuba zaidi. Aboreshaye nyumba huacha nyumba ile ile ikiwa imara zaidi. Likikosekana la tatu, kitenzi kimesema uongo.

Neno hili sasa limepewa kazi ya kueleza jambo linalowapata watu wengi majumbani, yaani kuondoa mfumo endeshi wa zamani katika kompyuta na kuweka mpya. Mfumo endeshi ndio programu mama: huiamsha kompyuta, hupokea kila amri ya mtumiaji, na hugawa kazi kwa diski, kioo, kibodi na printa. Kuubadili si sawa na kuongeza programu moja ndogo. Ni kubadili msingi ambao mambo mengine yote yamesimama juu yake. Walakini matangazo, wauzaji na mafundi huiita kazi hiyo kuboresha, pasipo kuuliza kwanza ni kitu gani kinachofanywa bora, na kwa faida ya nani. Wasomi wa lugha, ambao dhima yao ni kuuliza, wamelipokea neno hilo kwa utii.

Kisa kilicholifanya swali hili lisiahirishike ni cha tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo iliouzindua tarehe 29 Julai 2015. Mrithi wake, Windows 11, alikuwa sokoni tangu tarehe 5 Oktoba 2021. Ukomo kama huo si mgeni. Windows XP ya mwaka 2001 iliufikia tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 ya mwaka 2009 iliufikia tarehe 14 Januari 2020. Lakini aliyetoka Windows 7 kwenda Windows 10 aliweza aghalabu kwenda pamoja na kompyuta yake. Safari hii mlango uliwekewa bawabu. Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na hudai prosesa iliyomo katika orodha ya mtengenezaji. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, isipokuwa chache, huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2016, hata iwe na nguvu tele, hata iwe na chipu hiyo ya usalama, hurudishwa mlangoni.

Haki yataka hoja za upande wa pili zitajwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Chipu ya TPM si hadaa. Kazi yake ni kuhifadhi funguo za siri ndani ya maunzi yenyewe, mahali ambapo programu mbaya haiwezi kuzifikia kwa wepesi. Tena, hapana mtengenezaji awezaye kutunza kila mfumo wake milele, kwani kila tundu linalozibwa katika mfumo wa zamani huzibwa na watu wanaolipwa mshahara. Na mfumo usiozibwa matundu humdhuru mwenyewe na jirani zake pia. Mwezi Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa muda wa siku chache, ikizifunga faili za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilivurugika hata miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa tangu Machi mwaka huo. Waliopatwa wengi walikuwa wale ambao hawakukiweka.

Basi mwenye nyumba anayesema kwamba kompyuta yake yawaka kila asubuhi, na kwa hiyo hana haja ya jambo lolote, hana hoja. Amefanana na mtu anayeusifu mlango wake kwa kuwa wafunguka vizuri, asitazame kama wafungika. Mwenye kuendelea kuingia katika intaneti kwa mfumo usiopata viraka, akiandika humo nywila zake na kulipia humo mahitaji yake, anacheza na moto, na shutuma ya maandiko haya haimkingi.

Hata hivyo, hoja hizo zote hazithibitishi dai linaloletwa nyuma yake, kwamba kompyuta zilizokataliwa zimefika mwisho wa maisha yake. Ushahidi dhidi ya dai hilo umetolewa na mtengenezaji mwenyewe, tena mara tatu.

Kwanza, viraka vya Windows 10 havikukoma kutengenezwa siku ile ya Oktoba. Mwenye kompyuta ya nyumbani alitangaziwa mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani; au bila fedha, iwapo angekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya kampuni; au kwa pointi 1000 za zawadi za kampuni hiyo. Pili, liko toleo maalumu la Windows 10 la mwaka 2021, lililokusudiwa mashine za kazi moja kama zile za viwandani na madukani, ambalo limeahidiwa viraka hadi Januari 2032. Tatu, mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilieleza hadharani njia ya kuipitisha kompyuta yenye prosesa isiyomo katika orodha, huku ikionya kwamba haipendekezi jambo hilo wala hailiwekei dhamana. Baadaye maelezo hayo yaliondolewa.

Haiuzwi dawa kwa maiti. Ikiwa kwa dola 30 mgonjwa huishi mwaka mmoja, basi ugonjwa wake si wa kufisha. Na ikiwa mwenziwe aliye kiwandani ameahidiwa uhai hadi mwaka 2032, basi tarehe ya kifo haikuandikwa na maumbile. Imeandikwa na mfanyabiashara. Mfanyabiashara ana haki ya kupanga tarehe za biashara yake. Hana haki ya kuzifanya zionekane kama sheria za ulimwengu, wala ya kukiita kitendo cha kuzitii kuboresha.

Ushahidi wa nne umetoka Ulaya. Mwaka 2025, baada ya vyama vya kutetea walaji kulalamika, wakazi wa eneo la uchumi la Ulaya walipewa mwaka ule wa nyongeza bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio, ingawa akaunti ya kampuni bado ilitakiwa. Kwingineko masharti yalibaki. Tofauti ya Lisbon na Tanga katika jambo hili haikuwa ya uhandisi, maana kompyuta ni zile zile na matundu ni yale yale. Tofauti ilikuwa kwamba upande mmoja walikuwapo watu waliosema kwa pamoja, nao wakasikilizwa.

Na achukuliwe kwa mfano mwalimu wa sekondari wa huko huko Tanga, aliyenunua kompyuta ya mitumba iliyotumika kwanza katika ofisi fulani ya ng'ambo. Imetengenezwa mwaka 2016. Ndani yake zimo karatasi za mitihani, picha za harusi ya binti yake, na mswada wa msamiati wa Kidigo alioukusanya kwa miaka tisa kutoka kwa wazee ambao baadhi yao wamekwisha kufariki. Ameona tangazo juu ya kioo, amelichukulia kwa uzito kama mtu mwangalifu, na ameipeleka kompyuta kwa fundi.

“Mwalimu, mashine hii imekwisha,” fundi atasema. “Haipandi.”

“Imekwisha vipi, mwanangu, nami asubuhi ya leo nimeandikia mtihani?”

“Ndivyo walivyosema wenyewe. Lakini iache hapa, nitakuboreshea.”

Katika jibu hilo la mwisho umo uharibifu wote. Fundi wa namna hii ana diski moja ndogo mfukoni, na ndani yake mna nakala ya mfumo mpya isiyo na leseni, iliyotobolewa ukaguzi wa prosesa na kuzimwa mlango wa viraka ili isigunduliwe. Ataifuta diski ya mwalimu, ataipandisha nakala hiyo, naye atalipwa ujira wake. Jioni mwalimu atarudishiwa kompyuta yenye sura mpya, isiyokuwa na ulinzi kuliko ile aliyoitoa nyumbani, kwa kuwa ile ya kwanza alijua inayopungukiwa, na hii hajui ni mkono wa nani ulioifungua kabla yake. Akitafuta mswada wa Kidigo, hatauona.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la mwalimu, ambaye hakutoa nakala za faili zake. Ni kweli kwamba hakutoa. Lakini kwa nini hakutoa? Hakutoa kwa sababu aliambiwa kwamba kompyuta yake inakwenda kuboreshwa, na hapana mtu anayekiaga kitu kinachokwenda kuboreshwa. Apelekaye shati kwa dobi haliandikii wasia. Lau mwalimu angeambiwa ukweli, kwamba anahamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na kwamba ile ya kwanza itabomolewa nyuma yake, angefunga mizigo yake kwanza. Kuhama ni neno ambalo kila Mswahili analijua adabu yake. Anayehama huhesabu vyombo. Huuliza mwenye nyumba mpya ni nani na masharti yake ni yapi. Hutazama kama kitanda chake kitapita mlangoni. Huaga jirani. Neno moja lingetosha kumkumbusha mwalimu mambo hayo yote, na neno hilo alinyimwa.

Masharti ya mwenye nyumba mpya nayo yanastahili kutazamwa. Windows 11 ya nyumbani, kwa utaratibu wake wa kawaida, haikubali kuanzishwa mara ya kwanza pasipo intaneti na akaunti ya Microsoft. Katika nyumba ambamo intaneti hununuliwa kwa vifurushi vya simu, sharti hilo ni gharama kabla ya kuwa usumbufu. Na yupo ambaye printa yake ya zamani haitatambuliwa, na yupo ambaye programu aliyoizoea kwa miaka kumi haitafunguka. Hayo yote huenda yakavumilika, na kwa mwenye kompyuta inayokubaliwa kuhama kwenda mfumo mpya kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini ni uamuzi, wenye faida na hasara, na aamuaye hana budi kupewa pande zote mbili. Kitenzi kuboresha humpa upande mmoja, kisha humfunga macho.

Iko hasara nyingine ambayo haionekani juu ya kioo. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo katika mwaka 2022, na kwamba zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu uliothibitishwa zilikuwa chini ya robo. Katika zilizosalia mna risasi, mna zebaki, na mna plastiki ambayo ikichomwa hutoa moshi wa sumu. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kuingiza taka za hatari katika Afrika. Lakini bidhaa na taka hutofautiana kwa nyaraka kuliko zinavyotofautiana kwa sura, na kompyuta inayokataliwa ofisini Ulaya kwa kukosa prosesa ya orodhani huweza kuletwa Afrika ikiwa na jina la bidhaa, na kuzikwa Afrika ikiwa na jina la taka. Kila tarehe ya ukomo inayopangwa mbali huongeza shehena hiyo. Kumwita mwenye kuitupa kompyuta nzima mtu anayekwenda na wakati ni kumsifu mchafuzi.

Je, hakuna njia isiyokuwa ya kutii, ya kuiba, au ya kukaa mlango wazi? Iko, nayo si ya jana. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux, na tangu wakati huo maelfu ya watu wameuendeleza hadharani, kila mmoja akiwa huru kuutumia, kuukagua na kuugawa. Mwaka 2004 ulitoka mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho, uliopewa jina la Ubuntu na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msomi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulifahamu jina hilo, maana ni ndugu wa utu. Matoleo yake ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka mitano bila malipo, na likifika ukomo lifuatalo nalo ni la bure. Kompyuta ya mwalimu wa Tanga haikataliwi humo kwa sababu ya umri wake.

Njia hii nayo isiimbwe kama kasida. Huko nako ni kuhama. Programu kadhaa zilizoundwa kwa ajili ya Windows hazitafunguka, barua iliyopangwa kwa programu moja huweza kupangika vingine katika nyingine, na fundi aliyezoea mfumo mmoja hana budi kujifunza upya. Lakini katika uhamaji huu mhamaji haombwi kutupa kitu kizima, haombwi kuiba, wala haombwi kuamini kwamba mlango uliofungwa kwa kalamu umefungwa na mbingu.

Hapa ndipo lawama inapowarudia wale wanaosoma kurasa za namna hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya kuandikia na kukokotoa yenye maneno ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilikata mzizi wa fitina juu ya jambo moja: haikubaliki tena kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuiamrisha kompyuta. Zaidi ya miaka 20 imepita. Ni wangapi katika wanafunzi wanaoandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi wanaoziandika kwa kompyuta inayowasemesha kwa Kiswahili? Istilahi hujadiliwa katika makongamano, huchapwa katika orodha, hutahiniwa darasani, kisha kila mmoja hurudi chumbani kwake akafungue kompyuta inayomwamuru kwa Kiingereza, na siku tangazo linapotokea hulitafsiri kwa haraka: “Naambiwa niboreshe.” Lugha isiyotumiwa na wenyewe katika mambo ya kila siku hutumiwa na wengine kwa mambo yao.

Yanayotakiwa kufanywa hayazidi uwezo wa mtu wala wa taasisi. Mwenye nyumba na atoe kwanza nakala za faili zake katika diski ya nje, na aifungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba yasomeka, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kisha na aulize kama kompyuta yake yakubaliwa na mfumo mpya. Ikikubaliwa, na ahame akijua masharti. Isipokubaliwa, na apime kati ya kipindi cha nyongeza, maadamu kingalipo, na mfumo huru. Na ile ya kuandikia tu na itengwe kabisa na intaneti. Muuzaji wa kompyuta, mpya au ya mitumba, hana budi kumwambia mnunuzi tarehe ambayo mfumo uliomo utakoma kupata viraka, kama muuzaji wa maziwa ya paketi anavyoonyesha tarehe ya kuharibika. Sheria inaweza kumlazimisha mtengenezaji: Umoja wa Ulaya umepitisha mwaka 2024 sheria inayodai, kwa kawaida, viraka vya miaka isiyopungua mitano kwa bidhaa zenye programu. Na vyuo vikuu, vyenye vyumba vilivyojaa kompyuta na vijana waliojaa nguvu, visione haya kufundisha mfumo huru pamoja na ule wa kununua, ili fundi wa kesho asiwe na diski moja tu mfukoni.

Na wanalugha wana kazi yao, ambayo hapana mhandisi atakayewafanyia. Wamrudishie mwenye nyumba neno la kweli. Kinapowekwa kiraka, na isemwe kwamba mfumo umetiwa kiraka. Unapobadilishwa mfumo, na isemwe kwamba umebadilishwa. Mtu anapolazimishwa kutoka kwa sababu mwenye mali ameamua hivyo, na isemwe kwamba amehamishwa. Neno kuboresha na liachwe lingoje mlangoni mpaka kazi imekwisha, na mwenye kompyuta aketi, aiwashe, aufungue mswada wake wa Kidigo, na aukute umetimia. Hapo ndipo atakapoulizwa yeye, wala si muuzaji, kama kilichofanyika kilikuwa bora.